Almasi Iliyoingiwa na Mtoto wa Jicho

Sonara aliiacha pete ipoe juu ya tofali, akaichukua kwa koleo, akaifuta kwa kitambaa na kuisogeza karibu na taa. Kisha akanyamaza. Mzee huyu ni mtu wa maneno mengi, na kimya chake kilinishtua kabla sijaona chochote.

Pete ilikuwa ya shangazi yangu. Ilikuwa imekatika upande wa nyuma, nami niliipeleka kwa sonara, hapo Mwanza, ilehemiwe. Jiwe lake ni almasi ndogo isiyozidi punje ya mtama, iliyoshikwa na vidole vinne vya dhahabu. Asubuhi ilipoingia dukani ilikuwa ikirusha vimulimuli kila ilipogeuzwa. Sasa ilikuwa imepauka, nyeupe kama maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa, mithili ya jicho lililoingiwa na mtoto wa jicho.

"Nimeiunguza," alisema hatimaye.

Alieleza bila kujitetea. Kabla ya kuipeleka motoni alipaswa kuichovya katika unga wa boriki uliokorogwa kwenye spiriti, ili jiwe lipate ngozi nyembamba ya kulikinga. Siku hiyo wateja walikuwa wengi, akasahau.

Mimi nikabisha. Nilimwambia kwamba almasi hutoka chini kabisa ya ardhi, mahali penye joto kuliko moto wake, na kwamba haiingii akilini jiwe lililokaa huko miaka isiyohesabika liharibiwe na mrija wa gesi kwa dakika moja. Hakukasirika. Aliizima gesi, akaketi.

"Sawa, mwanangu. Lakini huko chini lilikotoka, nani alikuwa akilipulizia hewa?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo kwa wiki sita.

## Mkaa wa thamani

Jambo la kwanza nililolazimika kulikubali ni kwamba sonara alikuwa sahihi, na kwamba jambo lake lilikwisha kuchunguzwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mwaka 1772 mkemia wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, alitumia lenzi kubwa kukusanya mwanga wa jua na kuuelekeza kwenye almasi iliyofungiwa ndani ya chombo. Almasi ikaungua, na hewa iliyobaki chomboni ikaonyesha dalili za gesi ileile inayotokana na mkaa unapowaka. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant aliunguza almasi ndani ya mrija wa dhahabu, akapima gesi iliyotoka, akakuta inalingana na ile inayotolewa na mkaa wa uzito uleule.

Almasi, kwa maneno mengine, ni kaboni tupu. Shangazi yangu anapikia mkaa, na kwa miaka mingi amekuwa akichochea jiko kwa mkono uliovaa pete hiyo.

Hewani, almasi huanza kuliwa na oksijeni joto linapofika kiasi cha nyuzi 700 hadi 850 za selsiasi, na lehemu ya dhahabu huyeyuka papo hapo jirani. Ndiyo maana sonara huhitaji ile ngozi ya boriki. Ukungu nilioufananisha na mtoto wa jicho, kwa hiyo, ulikuwa mfano mbaya, kwa sababu mtoto wa jicho hukaa ndani, ilhali jiwe la shangazi lilikuwa safi ndani kama siku zote. Ni uso wake uliokuwa umeliwa na kuachwa na vishimo vidogo mno, na mwanga uliozoea kupenya sasa ulikuwa ukitawanyika mlangoni.

Hapo ningeweza kuishia. Moto wa sonara ulikuwa na hewa, wa chini ya ardhi hauna, basi.

Ila kuna jambo lilinikatalia. Ukiipasha almasi joto mahali pasipo na hewa kabisa, haiungui, lakini pia haisalimiki. Ikipita nyuzi 1,500 au zaidi kidogo huanza kugeuka kuwa grafiti, ile kaboni nyeusi laini iliyomo ndani ya penseli. Kumbe kukosekana kwa hewa hakukutosha kueleza usalama wa jiwe huko lilikotoka. Kulikuwa na kitu kingine huko chini ambacho meza ya sonara haina, na ambacho mimi mwenyewe, katika ubishi wangu wote, sikukitaja.

## Mgeni aliyepitiliza siku zake

Kitu hicho ni shinikizo.

Kwa shinikizo la hewa tunayovuta, kaboni iliyotulia kwa kweli ni grafiti. Almasi ni kaboni iliyobanwa mpaka kila atomu ikashikana na wenzake wanne kwa umbali uleule, na mpangilio huo hupata uhalali wake pale tu unapobanwa vya kutosha. Almasi nyingi zinazochimbwa ziliumbika kilomita 150 hadi 200 chini yetu, katika koti la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo chini ya ganda la juu, ambako shinikizo ni kama mara 50,000 ya hili la juu na joto ni kati ya nyuzi 900 na 1,300. Huko almasi iko kwao. Huku juu ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa mamilioni ya miaka na hakuna aliyethubutu kumpa hata mpini.

Habari za mgodi wa almasi wa Mwadui, za Williamson aliyeuvumbua na jiwe lake la waridi, kila mtu wa Kanda ya Ziwa amezisikia tangu utotoni, nami sitazirudia. Kilichonishika safari hii ni namna mawe yale yalivyopanda. Almasi haziumbiki ndani ya mwamba wa kimbalaiti tunaouchimba. Mwamba huo ni chombo cha usafiri tu. Ulipokuwa bado uji wa moto uliojaa gesi, ulipasua njia kutoka chini na kupanda kwa kasi ambayo wanajiolojia huikadiria kwa saa au siku chache, ukizoa almasi njiani na kuzifikisha mahali pa baridi kabla hazijapata nafasi ya kubadilika. Kule Igwisi, upande wa Tabora, kuna vilima vitatu vidogo vya volkano ya aina hii vyenye umri wa kama miaka 12,000 tu, vichanga kuliko vyote vya jamii yake vinavyojulikana duniani. Watu walikuwa wakiishi katika nchi hizi wakati vilipolipuka. Ninatamani kujua walisemaje siku hiyo.

Na je, almasi zikipanda polepole?

Swali hili lina jibu linaloshikika mkononi, katika milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko. Mahali paitwapo Beni Bousera, kipande kizima cha koti la dunia kilisukumwa juu taratibu, kikiwa bado cha moto huku shinikizo likipungua. Ndani ya miamba hiyo wanajiolojia walikuta vipande vya grafiti vyenye pembe na nyuso nane zilizonyooka, umbo ambalo grafiti haiwezi kujitengenezea yenyewe, kwa kuwa ni umbo la almasi. Zilikuwa almasi. Zilipata muda wa kutosha penye joto, zikaachia, na yaliyobaki ni maumbo yao yaliyojazwa penseli.

Nilipoyasoma haya usiku mmoja niliweka simu chini. Kwa muda wote nilikuwa nikifikiri kwamba jiwe la shangazi lilikuja mkononi mwake kwa sababu ni gumu. Ugumu unasaidia dhidi ya mikwaruzo. Lakini lililoliokoa njiani ni haraka: joto lilipungua kabla jiwe halijatambua kwamba halibanwi tena.

## Fuawe mbili

Mpaka hapa nimesema juu ya kupunguza shinikizo. Kilichonisumbua zaidi, na kuniibia usingizi, ni upande wa pili, yaani itakuwaje ukiendelea kulibana jiwe kupita pale lilipoumbikia.

Ajabu ni kwamba chombo kikuu cha kuchunguzia mashinikizo ya ndani ya sayari kimetengenezwa kwa almasi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, mmoja wao akiwa Alvin Van Valkenburg, walichukua almasi mbili, wakazielekezanisha ncha kwa ncha zilizosawazishwa, wakaweka chembe ya kitu katikati, wakakaza. Baadhi ya mawe waliyoanza nayo serikali ilikuwa imewanyang'anya watu wa magendo. Sonara wangu ana fuawe ya chuma mezani. Hizi zilikuwa fuawe mbili zinazoonana uso kwa uso, tena zinazopitisha mwanga, hata mtafiti akaweza kuchungulia kupitia fuawe na kuona kinachobanwa kikigeuka rangi mbele ya macho yake.

Siri ni udogo wa ncha. Nguvu ambayo mtu anaweza kuizalisha kwa kuzungusha skrubu, ikiwekwa juu ya eneo dogo kuliko nukta ya kalamu, huwa kitu cha kutisha. Nadhani waliotupatia neno kanieneo katika vitabu vya shule waliliona hili vizuri kuliko sisi tunaosema shinikizo. Mwaka 1976 chombo cha aina hii kilipita gigapaskali 100, yaani mara milioni moja ya shinikizo la hewa. Baadaye kilifika kwenye kanieneo la kitovu cha dunia, ambalo ni kama gigapaskali 364, na kulipita. Mwale wa leza hupenyezwa kupitia almasi ili kuipasha moto chembe iliyo katikati, bila almasi zenyewe kuungua.

Hii maana yake ni kwamba hakuna mahali popote ndani ya dunia yetu penye shinikizo la kuivua almasi umbo lake. Kuna vitu vingine huko chini vinavyoweza kuimaliza: chuma kilichoyeyuka, kwa mfano, huinywa kaboni kama chai inavyokunywa sukari, na ndiyo njia iliyowawezesha wenye viwanda tangu miaka ya 1950 kutengeneza almasi, kwa kuyeyusha kaboni ndani ya metali na kuiacha ijipange upya. Shinikizo peke yake halitoshi.

Ili kuishinda almasi inabidi kuihama dunia.

## Mvua ambayo hakuna aliyeiona

Pengine umekutana na vichwa vya habari visemavyo kwamba katika sayari za Uranus na Neptune kunanyesha almasi. Nilivipenda mno vichwa hivyo, na nilivisambaza kwa ndugu na jamaa, kabla sijaanza kuvitilia shaka.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1981 mwanafizikia Marvin Ross alipendekeza kwamba methani iliyomo katika sayari hizo mbili, ikishabanwa na kupashwa joto vya kutosha kwa ndani, ingevunjika, haidrojeni ikaenda zake na kaboni ikajikusanya kuwa almasi. Ilibaki hesabu ya kwenye karatasi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Dominik Kraus, katika maabara ya SLAC huko California, lilichukua polistirini, ambayo ni kaboni na haidrojeni, likaipiga kwa leza mpaka mawimbi mawili ya mshindo yakakutana ndani yake. Shinikizo lilifika kama gigapaskali 150 na joto kama nyuzi 5,000. Kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, miale ya eksirei ikanasa alama za almasi ndogondogo, za kupimwa kwa nanomita, zikichipuka ndani ya plastiki.

Polistirini. Ni plastiki ileile ya maboksi meupe yanayopakiwa sangara na barafu hapa Mwanza, yale ambayo yakipasuka upepo huyasambaza ufukweni kote. Tangu nijue hivyo siwezi kuyatazama kwa jicho la zamani.

Mwaka 2022 watafiti walirudia jaribio kwa plastiki ya chupa za maji, ambayo ina oksijeni pia, wakaona oksijeni inasaidia kaboni kujitenga. Mwaka 2024 jaribio lililofanywa kwa leza kubwa ya eksirei ya Ulaya, karibu na Hamburg, likaonyesha almasi zikianza kwa gigapaskali 19 tu, na kwa joto la zaidi kidogo ya nyuzi 2,000. Maana yake zinaweza kuumbika katika kina kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Shaka yangu haiko kwenye maabara. Iko kwenye neno mvua. Neno hilo linamfanya mtu aone anga, mawingu na mawe yakianguka kwa kishindo juu ya paa la bati, wakati wanachokieleza wanasayansi hawa ni punje zinazozama polepole katika uji mzito wa moto, kilomita maelfu chini ya mawingu, mahali ambapo hewa na bahari vimekwisha kupoteza mpaka wao. Chombo pekee kilichowahi kuzipitia sayari hizo kwa karibu ni Voyager 2, kilichoipita Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989, nacho kilipita tu.

Kuna hata ushahidi unaovuta pande mbili. Neptune hutoa joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile inalopokea kutoka kwenye jua, na wapo wanaosema kwamba punje zinazozama, kwa msuguano wake, huchangia joto hilo. Sawa. Lakini Uranus, ndugu yake wa karibu kwa ukubwa na kwa methani, hutoa joto dogo tu la ziada. Ikiwa almasi zinazama katika sayari zote mbili, kwa nini jiko moja liwake na la pili lipoe? Sijaona jibu la kunitosheleza, nami nimeacha kuvisambaza vichwa vile vya habari.

## Barafu ya kaboni

Swali la kuyeyuka nililiacha mwisho kwa sababu nilidhani ni rahisi. Joto likizidi kila kitu huyeyuka.

Mwaka 2010 kundi la Jon Eggert lilichapisha matokeo ya kuipiga almasi kwa leza mpaka ikayeyuka, kwa shinikizo la kati ya gigapaskali 600 na zaidi kidogo ya 1,000. Matokeo yao yaliafikiana na utabiri wa ajabu. Katika mashinikizo hayo, kadiri unavyoibana almasi zaidi ndivyo inavyoyeyuka kwa joto dogo zaidi, kinyume cha vitu vingi. Hali hiyo tunaijua kwa kitu kimoja cha nyumbani, nacho ni maji. Barafu huelea kwa sababu maji yaliyoyeyuka ni mazito kuliko barafu yenyewe. Kwa almasi nayo, katika shinikizo hilo, kaboni iliyoyeyuka ni nzito kuliko jiwe.

Jiwe lingeelea.

Watafiti walidokeza kwamba kama kuna bahari ya kaboni mahali fulani ndani ya sayari kubwa, basi vipande vya almasi vingeogelea juu yake kama mabonge ya barafu. Mimi hapo niliishia kwenye neno "kama." Hata hivyo picha yenyewe ilinikaa. Nilimsimulia shangazi kwa simu, baada ya kumwamkia na kumwomba radhi tena kwa ajili ya pete, naye akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kuuliza: "Sasa mwanangu, na yangu ingeelea?"

## Terapaskali mbili

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Amy Lazicki, uliofanywa katika kituo cha leza cha National Ignition Facility huko Livermore, California. Huu ndio uliobadilisha namna ninavyoifikiri pete ya shangazi.

Hesabu zilikuwa zimesema kwa miaka mingi kwamba ikifika kama gigapaskali 1,000, yaani terapaskali moja, almasi haipaswi kubaki almasi. Kuna mpangilio mwingine wa atomu, uitwao BC8, ambao kwa shinikizo hilo ni nafuu zaidi kwa kaboni, kama almasi ilivyo nafuu kuliko grafiti kule chini ya ardhi. Mpangilio huo si ndoto, maana silikoni, ndugu wa kaboni, huonekana nao maabara inapobanwa kisha kuachiliwa. Watafiti wakaibana almasi kwa leza, wakipandisha shinikizo kwa hatua badala ya kuipiga kwa pigo moja, ili isipate joto la kuiyeyusha. Wakavuka terapaskali moja. Wakafika mbili, zaidi ya mara tano ya shinikizo la kitovu cha dunia, huku eksirei zikisoma atomu zimejipangaje.

Ilikuwa bado almasi.

Nilirudia kusoma sentensi hiyo mara kadhaa, nikidhani nimeielewa vibaya. Jiwe lilikuwa limepita mbali mpaka wa nchi yake, upande wa juu safari hii, na likaendelea kuwa lilelile kana kwamba halikuambiwa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vifungo vinne vya kila atomu ni imara mno. Ili kaboni ihamie BC8 ni lazima kwanza vifungo hivyo vivunjwe, na gharama ya kuvivunja ni kubwa hata kama makao mapya ni bora. Mwaka 2024 kundi lingine lilitumia Frontier, kompyuta kubwa ya Oak Ridge huko Tennessee, kuigiza atomu kwa mamilioni, likaona kwamba BC8 huchipuka katika mwanya mwembamba tu wa joto na shinikizo, pale almasi inapokwisha kuachia na kuwa kimiminika. Jiwe haligeuki likiwa limesimama. Mpaka liyeyuke kwanza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kisa cha mezani na kisa cha Livermore ni kisa kimoja. Huku juu almasi haina haki ya kuwa almasi, na inaendelea. Kule kwenye terapaskali mbili haina haki vilevile, na inaendelea. Sababu ni ileile, vifungo vilevile vinne. Tunaisifu almasi kwa kudumu, na wauza pete wamejitajirisha kwa sifa hiyo, lakini nijuavyo sasa almasi haidumu kuliko vitu vingine, inachelewa tu. Imechelewa kugeuka penseli mkononi mwa shangazi, na inachelewa kugeuka kitu kingine ndani ya leza.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Jaribio lile lilidumu kwa sehemu za bilioni za sekunde. Sayari ina mabilioni ya miaka, na joto lisilozimika, na almasi za Beni Bousera zimetuonyesha muda na joto vinafanya nini vikikutana. Kukataa kwa jiwe ndani ya leza hakusemi litakataa daima ndani ya sayari kubwa inayozunguka nyota ya mbali. Inawezekana kabisa BC8 imejaa huko. Sisi tumeona dakika ya kwanza tu ya ubishi.

## Kituo cha sita

Kuna sayari, huenda, ambayo tumepata kuzishika almasi zake.

Tarehe 7 Oktoba 2008 jiwe la angani lililokuwa limeonwa na darubini chini ya siku moja kabla liliingia kwenye hewa ya dunia juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan, likapasuka. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens, mtaalamu wa vimondo, waliongoza wanafunzi kutembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari, wakiokota vipande vyeusi mchangani, mpaka vikafika mamia. Viliitwa Almahata Sitta, Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho jirani.

Ndani ya vipande hivyo kulikuwa na almasi, na ndani ya almasi kulikuwa na chembe zilizonaswa. Mwaka 2018 watafiti walizipima chembe hizo na kudai kwamba zilihitaji zaidi ya gigapaskali 20 ili kuumbika, shinikizo linalopatikana tu ndani ya sayari yenye ukubwa wa kati ya Utaridi na Mirihi. Sayari hiyo haipo tena. Ingekuwa imevunjwa katika migongano ya siku za mwanzo za mfumo wetu wa jua. Almasi ilikuwa imebeba habari za nyumba iliyokwisha kubomoka.

Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikasoma kwamba mwaka 2020 kundi jingine lilisema almasi za mawe ya jamii hii zinaweza kuwa zimetokana na mshindo wa kugongana tu, bila kuhitaji sayari kubwa. Ubishi huo haujaisha. Jambo moja katika maelezo ya awali limebaki nami: almasi zilikuwa zimekatwakatwa na michirizi ya grafiti, mahali ambapo mshindo uliziachisha. Hata huko, ndani ya jiwe lililotoka mbinguni, palikuwa na sehemu iliyokwisha kukata tamaa na sehemu iliyokuwa bado inabisha.

## Moto wa kijani

Sonara alijitolea kugharimia kulisugua upya jiwe la shangazi, kwa kuwa ukungu uko juu tu na fundi wa almasi akiuondoa ukoko huo mwembamba jiwe hurudi kung'aa, likiwa dogo kidogo kuliko lilivyokuwa. Nilimpelekea shangazi habari hiyo kama mtu anayeleta posa.

"Liacheni," alisema. "Mimi mwenyewe macho yangu ndiyo hayohayo. Tutalingana."

Nilirudi dukani kumpa sonara jibu. Nilimweleza na mengine pia, ya leza na ya mabonge yanayoelea, huku akitikisa kichwa na mikono ikiendelea na kazi. Mbele yake palikuwa na pete ya mteja mwingine, yenye jiwe kubwa kuliko la shangazi. Aliichukua kwa koleo, akaichovya ndani ya kikombe cha spiriti na boriki, akaitoa ikichuruzika, akaisogezea kiberiti. Pete nzima ikawaka moto wa kijani, kijani cha jani la mgomba, kwa muda wa kuhesabu mpaka sita au saba. Ulipozimika, jiwe na dhahabu vilikuwa vimefunikwa na ngozi nyeupe iliyokauka, kama chokaa.

Ndipo akaufungua mrija wa gesi. Alilehemu, akauzima, akaiweka pete juu ya tofali, na sote wawili tukakaa kusubiri ipoe.